Septanti Sokoni Buyenzi

"Septanti, dada," alisema yule mama muuza samaki, mkono mmoja umeshika fungu, mwingine unafukuza nzi.

Ilikuwa katikati ya mwaka 1983, sokoni Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa Kifaransa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilikisoma sekondari miaka minne. Begani nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kitabu cha vitenzi. Nikamtazama mama, nikawatazama samaki, nikamjibu bila wasiwasi wowote: "Septanti sitaki, mama. Nipe hawahawa mikeke."

Meza za jirani ziliangua kicheko. Mwenyewe akaliweka fungu chini ili acheke vizuri. Aliyenihurumia ni mtoto wa kike wa miaka kumi hivi, aliyekuwa anamenya vitunguu. "Septanti si samaki, dada. Ni sabini."

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila nikisimulia watu hucheka nami nikacheka nao. Siku ile sikucheka. Nililipa faranga sabini, nikabeba mikeke yangu, ambao upande wetu wa ziwa, Kigoma, huitwa migebuka, nikarudi nilikofikia nikijiuliza: miaka sita yote hiyo nilikuwa najifunza lugha ya nani?

Mlimani nilifika 1981 nikitokea Masasi. Basi lilivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Daraja tulilipata 2003, wakati mimi nimekwisha zeeka kidogo. Kabla sijaondoka, baba mdogo aliniuliza mbele ya wageni: "Kifaransa? Masasi hii yote utaongea na nani?" Swali hilo nililisikia tena Dar es Salaam, likiulizwa na wasomi. Jibu letu wanafunzi lilikuwa tayari mdomoni: Kamati ya Ukombozi ya OAU ipo hapahapa Dar, Wizara ya Mambo ya Nje ipo, wakalimani wanatafutwa. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alijibu kwa njia yake. "Mwacheni. Hata Kiingereza kilipoingia hapa hakikuwa na wa kuongea nacho."

Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Wanaume wengi walikuwa watu wazima, kwa sababu ya Azimio la Musoma la 1974: ukimaliza kidato cha sita unakwenda JKT, kisha unafanya kazi, ndipo unakuja chuo kikuu. Basi nilikaa dawati moja na mtu mwenye mke na watoto watatu, aliyekuwa amefundisha shule miaka kadhaa, sasa anatamka kwa sauti kwamba jina lake ni fulani na anaishi Paris. Tulimwita Mzee. Alikuwa Msukuma, mpole, na alikuwa na daftari gumu, kaunta buku, alilolipiga mistari kwa rula kama kitabu cha mahesabu ya duka.

Tulikuwa na maabara ya lugha: vibanda vidogo, hedifoni masikioni, na tepu inayozunguka. Katika tepu mume na mke walikwenda dukani. Waliomba mkate, wakaomba siagi, wakaomba jibini, na kila walichoomba walipewa. Sasa anayekumbuka Dar ya miaka ile anajua kichekesho kiko wapi. Fedha za kigeni zilikuwa zimekauka nchini. Sukari, sabuni, dawa ya meno, vyote vya foleni. Tulikuwa tunafunzwa kile kineno cha Kifaransa cha kuonyesha sehemu ya kitu kisichohesabika: du pain, kiasi fulani cha mkate, du beurre, kiasi fulani cha siagi. Kanuni inasema ukikana, du hugeuka kuwa de. Kwa hiyo hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna mafuta: pas de sucre, pas de savon, pas d'huile. Nawaambieni kweli, hakuna darasa la lugha ya Kifaransa duniani lililoishika kanuni ile ya kukana upesi kama letu. Mifano tulikuwa nayo barabara nzima ya Uhuru.

Ndipo mhadhiri mmoja akatuonyesha kwamba kineno hicho tumekwishakimeza zamani bila kujua. Neno letu divai. Wamisionari wa Kifaransa walisema du vin, Waswahili wakasikia neno moja, wakalibeba lilivyo, na "kiasi fulani" chake ndani. Tukawa tunasema "divai kidogo", yaani kiasi fulani cha kiasi fulani. Mzee aliandika hilo kwenye kaunta buku yake akalipigia mstari mara mbili.

Ila mafunzo ya namna hiyo yalikuwa machache. Kwa kawaida tulifundishwa Kifaransa kwa Kiingereza, na tulifundishwa kana kwamba sisi ni Waingereza waliochelewa. Hapa nisieleweke vibaya. Walimu walikuwa wanajitahidi, na vitabu vilivyokuwepo viliandikwa hivyo. Lakini leo nikikumbuka jinsi tulivyozungushwa nasikia uchovu wa zamani. Chukua subjonctif. Wiki mbili tulielezwa kwamba hiyo ni hali ngumu ya kitenzi, kwamba Kiingereza kimeipoteza karibu yote, kwamba lazima tukariri. Mwingereza anasema "nataka yeye kuja", hivyo kwake kugeuza kitenzi ni mzigo mpya. Wiki ya pili inaisha, Mzee akanong'ona: "Sasa hii si nataka aje?" Tukatazamana. Nataka aje, sitaki aende, lazima tusome, afadhali wakae. Hiyo e ya mwisho tunaizungumza tangu tunanyonya. Kadhalika kile kiwakilishi kidogo kinachokaa kabla ya kitenzi, je le vois, ambacho Waingereza hukiweka nyuma: kwetu ni namwona, na yule m amekaa palepale.

Na ile r ya kooni. Wenzetu wengi wa bara waliteseka nayo, wakakohoa, wakasukutua maji kama tulivyoagizwa. Mimi niliipata siku ya kwanza, na mhadhiri akadhani nimewahi kuishi Ulaya. Nilikuwa nimewahi kukaa mbele ya maalim wa chuo cha Kurani, Masasi, nikiwa na miaka saba. Herufi ghaini nilipigiwa kiboko hadi ikakaa. Msichana mwenzangu wa Tanga naye aliipata bure, kwa kuwa anasema ghali na ghorofa na ghafla kama inavyotakiwa. Mzee, ambaye kwake ghorofa ilikuwa gorofa na lugha ilikuwa luga, alikuwa akinijia jioni nimfundishe ghaini, ili apate r. Mtu mzima na ndevu zake, anarudia baada yangu: gha, ghi, ghu.

Kubwa kuliko yote lilikuwa vous, yaani ninyi ya heshima hata kwa mtu mmoja. Kiswahili hakina desturi hiyo. Mkubwa nampa shikamoo, kisha naendelea kumwambia wewe. Kwa hiyo darasa lilijikwaa: wanafunzi wakimwambia profesa tu, yaani wewe, kama wanamwita mtoto wa jirani. Mimi ni Myao. Kwetu kumwambia mkubwa kwa umoja ni matusi. Baba, mama, mkwe, mgeni, wote husemeshwa kwa wingi, kana kwamba amekuja na msafara. Sikuhitaji kufundishwa vous. Nilihitaji kufundishwa tu. Wanafunzi wenzangu wa Kifaransa walinicheka kwa kuwaambia vous na wao, hasa Mzee. Sikuweza kumwambia tu mtu mwenye watoto watatu. Mpaka tunamaliza, ulimi ulikataa.

Vitabu vilikuwa vichache. Nakala moja ya riwaya ilizunguka kwa zamu ya usiku, na jina lako likiwa la mwisho kwenye orodha ulisoma alfajiri kwenye taa ya ukumbini. Tulipopangiwa riwaya ya Ferdinand Oyono, Une vie de boy, mmoja wetu aligundua kwamba ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Boi. Darasa zima tukaisoma kwa Kiswahili kwanza, kimyakimya, kisha tukaja kwenye semina tumeiva. Profesa alifurahi. Sijui mpaka leo kama alijua.

Lakini kitabu kilichonikaa ni cha Mariama Bâ wa Senegali, Une si longue lettre. Kilikuwa kipya wakati ule, kimetoka 1979. Mjane anaandika barua ndefu akiwa ndani, amefiwa na mume aliyekuwa amemwolea mke wa pili, msichana rafiki wa binti yao. Mhadhiri wetu, mtu wa Ulaya, alianza kutueleza taratibu za Kiislamu za kufiwa. Alieleza kwa uangalifu sana: kwamba mwanamke hubaki nyumbani kwa muda maalumu, kwamba havai mapambo, kwamba muda huo una hesabu yake. Alipomaliza, dada wa Tanga akasema neno moja: "Eda." Miezi minne na siku kumi. Shangazi yangu alikuwa amekaa eda miaka miwili kabla, nami ndiye niliyempelekea chakula chumbani. Nilisoma riwaya ile nikimwona shangazi kwenye mkeka wake, na kwa mara ya kwanza Kifaransa kiliacha kuwa lugha ya watu wa kwenye tepu. Miaka mingi baadaye Clement Maganga aliitoa kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii. Niliinunua nikampelekea shangazi. Alisoma kurasa chache akasema huyo mwanamke ana maneno mengi, mtu wa eda hapaswi kuandika yote hayo.

Nikitafuta marejeo ya insha, nilipata ruhusa ya kuingia chumba cha East Africana maktabani, na huko nikakutana na Sacleux. Charles Sacleux alikuwa padri Mfaransa aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar karne ya 19, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939, kurasa zaidi ya 1,000. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kitu kingine kabisa. Nikakaa hadi mlinzi akaja kuzima taa. Yule padri anakuambia neno hili ni la Kiunguja, hili la Kimvita, hili la Kiamu, hili la Mrima. Anakupa maneno ya jahazi, ya miti, ya samaki, ya ngoma, na anayafafanua kwa Kifaransa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lindi. Maneno aliyokuwa akiyasema ambayo shuleni tuliambiwa si sanifu, nilianza kuyatafuta mle moja baada ya jingine. Kutwa nzima mwanafunzi wa Kifaransa anasoma Kifaransa ili ajue alichosema bibi yake. Insha nilichelewa kuikabidhi.

Jumamosi zilikuwa za Ubungo. Kutoka Mlimani tulishuka kwa miguu hadi ukumbi wa White House, ilikokuwa ikipiga bendi ya Maquis. Mhadhiri alitueleza kwamba maquis ni vichaka vya nchi zile za Mediterania, na kwamba wapiganaji wa Kifaransa waliojificha humo kupigana na Wajerumani wakaitwa kwa jina hilo. Nasi tukacheka, maana kichaka chetu kilikuwa na gitaa tatu na tarumbeta. Usiku mmoja nilijipa moyo. Mpigaji mmoja alikuwa ametoka nje kupunga upepo, nikamsalimu kwa Kifaransa changu chote: habari za jioni bwana, nimeufurahia sana muziki wenu. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili. Akajibu kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi kwamba Kifaransa ni cha bureau, cha ofisini, dada, hapa tuko kwenye muziki. Kisha akaniuliza kama kuna mahali pa kupata chips usiku ule.

Hilo la bureau sikulielewa mpaka Bujumbura. Tulipata nafasi ya kwenda huko mwisho wa mwaka wa pili, wanne, kwa miezi miwili. Treni ya reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma, Mzee amekaa juu ya sanduku lake kuanzia Morogoro. Kisha Liemba, ile meli ya Wajerumani ya 1913 waliyoizamisha wenyewe wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza wakaja kuiibua. Nililala sitahani. Alfajiri milima ya Burundi ilikuwa imetusimamia upande wa kulia, na abiria wa daraja la tatu wanazungumza Kiha, Kirundi, Kiswahili, kila lugha isipokuwa ile niliyopanda meli kuifuata.

Asubuhi tulisoma darasani, mchana tuliachwa. Niligundua upesi kwamba mjini kuna mipaka ambayo haikuchorwa. Posta, benki, ofisi ya serikali: Kifaransa, na vous imenyooka. Nyumbani kwa wenyeji: Kirundi. Buyenzi, kwenye mitaa yake ya namba, misikiti, mishikaki na mafundi cherehani: Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Buyenzi kikifika kwenye fedha na saa kinaruka ukuta. Mtu anakusimulia msiba mzima kwa Kiswahili safi, akifika kwenye gharama anahesabu kwa Kifaransa. Na hicho Kifaransa ni cha Wabelgiji, waliotawala pale hadi 1962. Dar tulifundishwa kwamba sabini ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi. Mzee alikuwa akisema Wafaransa walipungukiwa namba wakaazima kwa jirani. Kumbe Wabelgiji hawakuazima kitu: septante, nonante, basi. Themanini tu ndiyo waliibakiza ilivyo, ile ya ishirini mara nne, na hapo Mzee akakata tamaa nao.

Nilirudi kwa yule mama kila baada ya siku mbili. Alinipa jina: Mama Septanti. Nikikaribia meza anauliza, "Mama Septanti, leo samaki gani?" Aliniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanifundisha kudai chenji, kukataa samaki aliyelala, kumwambia mteja msumbufu kwa Kifaransa cha adabu kwamba aende zake. Yeye hakuwahi kuingia darasa. Alikiokota kwa wateja, alisema, kama mtu anavyookota kuni.

Kurudi ilikuwa vita. Mwaka ule serikali ilikuwa inasaka wahujumu uchumi, na bandarini Kigoma kila mzigo ulifunguliwa. Wangu ulikuwa na vipande sita vya sabuni, dawa mbili za meno, na kitabu kipya, Bescherelle.

"Sabuni sita za nini?"

"Za kufulia, afande. Tunakaa wanne chumbani."

Akakichukua kitabu, akakifungua katikati, akaona safu kwa safu za maneno yanayofanana. "Na hii?"

"Vitenzi, afande. Vya Kifaransa."

"Vyote?"

"Vyote."

Akakipima mkononi kama anayekisia kilo. "Umevilipia ushuru?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Mzee, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akasema kwa ile sauti yake ya ualimu: "Havijatumika bado, afande." Tukapita. Sabuni zote sita zilipita.

Mtihani wa mwisho wa kuongea ulikuwa 1984, miezi michache baada ya kifo cha Waziri Mkuu Sokoine. Walikaa watatu nyuma ya meza, na mmoja wao alikuwa mtahini wa nje, mtu mzima mwenye miwani, amekuja kutoka Ulaya kwa kazi hiyo. Akaniambia nieleze safari yoyote niliyowahi kusafiri. Nikaeleza treni, nikaeleza Liemba, nikaeleza soko. Sikukariri; niliona samaki mbele yangu nikawasema. Nilipofika kwenye bei nikasema fungu lilikuwa septante francs, na nikaendelea.

Akaniinulia kalamu. Akauliza, kwa vous, kama nilisomea Ubelgiji.

Nikamwambia hapana bwana, nilisomea Buyenzi, kwa mama anayeuza mikeke.

Wale wahadhiri wetu wawili waliangalia meza. Yeye akaniomba nimtajie jina la mahali hapo tena, polepole, akaliandika.